Mnyororo kwenye mlango wetu wa nakshi: ni alama ya utumwa, ya ulinzi, au pambo tu?

#1 Mjukuu_wa_Kiponda
Assalam alaykum wadau.

Nyumba yetu iko Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Mlango wake ni ule wa nakshi wa zamani. Kwenye miimo yote miwili, chini kabisa kuna samaki, juu yake mawimbi, halafu maua yanapanda mpaka kwenye kizingiti cha juu. Pembezoni, kuzunguka fremu yote, kuna mnyororo.

Mwimo wa kushoto umeoza kwa maji ya mvua. Samaki wa upande huo kabaki kichwa tu. Tumemleta fundi, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kila siku watembeza wageni wanasimama mbele ya baraza yetu wanawaambia watu, "Huu mnyororo maana yake mwenye nyumba alikuwa akiuza watumwa." Mama yangu mdogo anakaa chumba cha mbele, anasikia kila neno. Amechoka. Anasema fundi akishika kazi aupige randa mnyororo wote uishe. Baba hataki hata kulisikia hilo. Fundi naye ananiuliza, samaki nimrudishe au nijaze ua?

Wenye ujuzi naomba mnisaidie: hizi alama maana yake nini khasa, na zimetoka wapi?

#2 Kiboko_wa_Mbagala
Mkuu, mnyororo ni utumwa, hilo halina mjadala. Soko la watumwa lilikuwa hapo hapo mjini kwenu. Mlitaka uwe mnyororo wa baiskeli?

#3 Binti_Mkunazini
#2 taratibu. Soko lilikuwepo, na lilifungwa kwa mkataba wa 1873, na pale pale likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Hilo ni kweli. Lakini kutoka soko mpaka kila mlango wenye mnyororo ni safari ndefu. Kwetu mlango una mnyororo, na babu alikuwa mshona kofia.

Tulivyofundishwa na bibi ni kwamba mnyororo ni ulinzi. Unauzunguka mlango ili shari isiingie. Ndiyo maana haukatiki popote, unaanza chini kushoto unamalizia chini kulia.

#4 Patasi_na_Nyundo
Wa alaykum salaam Mjukuu.

Mie baba yangu alikuwa seremala wa nakshi, na nimekaa karakana yake tangu natoka skuli. Nitasema ninachokijua. Pale karakana hatukuwa tukiita "mnyororo". Ilikuwa "kamba". Baba akisema "nipigie kamba pembeni", unajua ni ule msokoto unaofunga kazi, kama pindo la kanga linavyofunga mji. Bila kamba nakshi inaonekana imemwagika, haina mwisho. Mteja hakuwa akija kusema "nataka ulinzi" au "nataka biashara ya watumwa". Alikuwa akija na kusema "nataka kama wa fulani, lakini mkubwa zaidi".

Maana nilianza kuzisikia kwa wageni. Walikuja na vitabu, wakamuuliza baba samaki maana yake nini, akawajibu "samaki". Hawakuridhika.

#5 Kiboko_wa_Mbagala
"Samaki". Huyo mzee nimempenda.

#6 Mvuvi_Mstaafu
Samaki ni uzazi. Anataga mayai mengi, kwa hiyo nyumba ijae watoto. Mtende ni neema. Ule mti mwembamba wenye matawi ni mubani, mti wa ubani, nao ni utajiri. Yungiyungi ni uhai. Hizi zinajulikana, hata ubao wa maelezo makumbusho nimeukuta hivyo.

#7 Mwalimu_Mkongwe_Tanga
Ndugu #6, hayo yanajulikana kwa sababu yaliandikwa, na yaliandikwa na Waingereza wakati wa ukoloni. Walipoiona milango walikwenda mbali sana: yungiyungi wakalipeleka Misri ya Mafarao, samaki wakampeleka kwa mungu mke wa Wasyria wa kale. Hakuna hata hatua moja katikati waliyoionyesha. Ni kufanana kwa umbo tu. Watu wamenakili, mpaka leo tunayasoma kama urithi wa bibi.

Uchongaji wenyewe ni wa zamani kweli. Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za Kilwa mwanzoni mwa karne ya 16, na tayari alizisifia nyumba za mawe zenye milango ya mbao iliyochongwa vizuri. Huyo ni kabla ya Sultani yeyote wa Oman kukaa Unguja. Na nakshi za mawe ni za zamani zaidi: msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107 kwenye kibla.

#8 Chuma_cha_Pua
Mnaoulizana umri, juu ya mlango mmoja Malindi nimesoma mwenyewe 1306. Maana yake ulichongwa karibu miaka mia mbili kabla ya Vasco da Gama! Mbona hamsemi hili?

#9 Binti_Mkunazini
Mpenzi, hiyo ni Hijria, kalenda ya Kiislamu. Mwaka 1306 ulianza Septemba 1888. Sultani wetu Sayyid Barghash alikuwa ameshafariki miezi michache nyuma.

#10 Chuma_cha_Pua
Aisee. Asante. Nimeshawasimulia watu wengi.

#11 Amu_Kwetu
Hamjambo. Mimi ni wa Amu, yaani Lamu, na sisi twasema *mwango*, si mlango. Msisahau kuwa nakshi si mali ya Unguja peke yake.

Mwango wa nyumba yetu hauna samaki wala kamba. Una maua ya duara yaliyokatwa kwa ncha ya patasi, yamepangwa kama yalivyopangwa kwenye plasta ya vidaka vya ndani. Yaani mbao na chokaa vinasema lugha moja. Basi nawauliza: ikiwa samaki ni uzazi na mnyororo ni ulinzi, sisi wa Amu na Siyu hatukutaka watoto? Hatukuogopa wezi? Mimi naona kila mji ulikuwa na mafundi wake na mkono wake, na mkono wa fundi ndio uliochagua.

#12 Kiboko_wa_Mbagala
Amu hamkuogopa wezi kwa sababu gari la kubebea hamna, mna punda tu.

#13 Amu_Kwetu
Na punda wetu hawagombani barabarani kama daladala zenu. Turudi kwenye mwango.

#14 Jodari_Muscat
Salaam kutoka Oman. Nimezaliwa Wete, nakaa Muscat mwaka wa ishirini sasa. Huku nako kila mtu anasema nakshi imetoka kwao ikaenda Zanzibar. Lakini Sur, mji wa majahazi, kuna wazee watakuambia mlango wao umetoka Unguja. Ami yangu ana mmoja, anasema baba yake aliupakia jahazini umefunguliwa vipande vipande, pamoja na boriti za mikoko. Kwa hiyo mwelekeo haukuwa mmoja. Majahazi yalikwenda na kaskazi yakarudi na kusi, na milango ndani yake.

#15 Mjukuu_wa_Kutch
Na Bara Hindi jamani? Familia yetu ilitoka Kutch, kule Gujarat, tuko hapa kizazi cha tano. Ile milango iliyogawanywa vijisanduku vidogo vya mraba, yenye vichwa vingi vya shaba, ni ya kwetu, Gujarat inaonekana mpaka leo. Na ile yenye upinde juu, iliyojaa majani na maua yaliyosongamana, imeingia kwa nguvu wakati wa Barghash. Yeye mwenyewe alikaa Bombay uhamishoni baada ya kushindwa kumpindua nduguye Majid mwaka 1859. Aliporudi na kutawala kuanzia 1870 alijenga sana, na Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ya 1883 ni yake.

Ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na nakshi yake imetulia. Mjukuu wa Kiponda, wako umenyooka au una upinde?

#16 Mjukuu_wa_Kiponda
#15 umenyooka. Juu katikati kuna maandishi lakini yamelika, hatuwezi kuyasoma. Vichwa vya shaba vipo kumi na nane, viwili vimeibiwa.

#17 Simba_wa_Ukonga
Hivyo vya shaba ndivyo vilivyowekwa kuzuia tembo wasisukume mlango kwa kichwa. Nilielezwa nilipokwenda kutembea Zanzibar.

#18 Patasi_na_Nyundo
Tembo yupi, Unguja? Apite wapi na vichochoro vile? Mie mwenyewe nikibeba kabati napita kwa ubavu.

#19 Mjukuu_wa_Kutch
Msimcheke, kisa kina mzizi wake. Ngome za India zina milango yenye miiba ya chuma kweli kwa ajili ya tembo wa vita. Shaniwar Wada pale Pune, ya mwaka 1732, ina mlango wenye miiba mirefu, imekaa juu usawa wa kichwa cha tembo. Umbo likasafiri, kazi yake ikabaki kule. Huku vikawa vichwa vya shaba vya kupendeza, vya mviringo, vingine havitoboi hata karatasi.

#20 Patasi_na_Nyundo
Hapo nakubali nusu. Lakini vina kazi. Nyuma ya mlango kuna mbao za kulala, na misumari mirefu inapita kutoka mbele kushika zile mbao. Kichwa cha shaba kinafunika msumari. Ukiving'oa vyote mlango utaanza kulegea. Kwetu tunaviita njumu.

#21 Kiboko_wa_Mbagala
Njumu za mpira nazijua. Leo nimejifunza kuwa na mlango unavaa.

#22 Mtembezi_Shangani
Habari zenu. Nimesoma uzi wote nikawa nasita kuandika. Mimi ni mmoja wa hao watembeza wageni, huenda nimesimama hata mbele ya baraza ya Mjukuu.

Nataka mjue sisi hatubuni. Nilipoanza nilifuata mkubwa wangu kazini miezi mitatu, nikashika aliyokuwa akisema. Mnyororo ni watumwa, samaki ni uzazi, shaba ni tembo. Mgeni anasimama dakika mbili kwenye mlango, anataka jambo moja la kushika. Ukimwambia "wengine wanasema hivi, wengine vile", anaangalia simu. Lakini kwa Mama mdogo naomba radhi kwa dhati. Sikufikiria kama nyuma ya mlango kuna mtu anasikia.

#23 Mjukuu_wa_Kiponda
Shukrani kaka. Nimemsomea. Amesema ukipita ubishe hodi, utakunywa kahawa.

#24 Asha_wa_Ngambo
Nami niseme, na sisemi kwa ugomvi.

Mimi ni uzao wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nje ya Mji Mkongwe. Bibi mzaa bibi aliletwa Unguja mtoto, kutoka bara, akapelekwa shamba la mikarafuu. Hatujui jina alilopewa na mama yake. Nasoma hapa watu wanafarijika kuwa mnyororo ni kamba, ni ulinzi, ni pambo. Huenda ni kweli. Mimi si fundi.

Lakini nyumba hizi za mawe zilijengwa kwa fedha gani? Karafuu. Na karafuu zilichumwa na nani mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897? Mnyororo wa mbao unaweza kuwa hauna maana hiyo hata kidogo, na bado nyumba ikawa na habari hiyo ndani ya kuta zake. Ukiupiga randa hutakuwa umesema uongo wala ukweli. Utakuwa umeondoa kitu ambacho watu walikuwa wakisimama wanakiuliza.

#25 Binti_Mkunazini
Asha, hapa sina la kuongeza. Asante.

#26 Mwalimu_Mkongwe_Tanga
Bi Asha amesema jambo zito. Naongeza dogo la ushahidi. Mchongo wa msokoto na mnyororo uko hata katika kazi za India na nchi nyingi za Kiislamu, kwenye milango ya watu ambao biashara yao haikuhusiana na utumwa. Hilo halimtoi mtu yeyote wa Unguja kwenye historia yake, ila linatuzuia kusoma biashara ya mwenye nyumba kwa kuangalia fremu.

#27 Mhehe_wa_Kumasi
Wakuu, nimekaa Ghana miaka minne, Kumasi. Mjadala huu nimeukuta kule kwa jina jingine.

Wana alama zao za adinkra, zinapigwa chapa kwenye vitambaa kwa mihuri iliyochongwa kwenye vipande vya kibuyu. Mji wa Ntonso ndio kazi yake. Kila alama ina jina na methali, Sankofa mnaijua wote, yule ndege anayegeuza shingo: rudi ukachukue. Nikasema hapa angalau maana imekaa. Nikauliza asili ya jina. Mmoja akaniambia ni mfalme Kofi Adinkra wa Gyaman, aliyeshindwa na Waashanti mwaka 1818, wakachukua nguo zake. Mwingine akaniambia hapana, ni maneno ya kuaga, kwa sababu nguo hizo ni za msibani. Na kuna kitambaa cha adinkra London, British Museum, kilichochukuliwa Kumasi na Mwingereza Bowdich mwaka 1817. Yaani mwaka mmoja kabla ya hiyo vita inayosemwa kuleta jina!

Nikarudi kwenye milango yetu: wenzetu wana methali kwa kila alama, sisi hatuna. Kwa nini?

#28 Amu_Kwetu
#27 methali tunazo, tumezitia kwenye kanga. Mwangoni tumetia aya. Kila kitu na mahali pake.

#29 Mama_Kisutu
Na kanga nayo ile korosho pembeni, mnajua ni korosho kweli? Wahindi wanasema ni embe, wengine wanasema ni mvinje wa Uajemi umeinamishwa na upepo. Sisi tukaona korosho kwa sababu ndiyo tunayoichuma. Nguo moja, matunda mawili na mti.

#30 Mvuvi_Mstaafu
Mnaona sasa, tumeshaingia kwenye doti. Mimi bado niko na samaki wangu. Kama hana maana, kwa nini kila mara yuko chini na mawimbi juu yake? Fundi angemweka popote.

#31 Patasi_na_Nyundo
Swali zuri, mzee. Nakshi ya mwimo inapanda kama mmea, lazima iote kwenye kitu. Chini ni maji, majini kuna samaki, juu ya maji inatoka shina, mwisho ua. Ndivyo baba alivyonipangia mkono. Na samaki mwenyewe anachongwa nusu jani, magamba yamelala kama majani, kwa sababu kuna wateja hawakutaka kiumbe chenye roho mlangoni. Akitazama mcha Mungu anaona jani, akitazama mvuvi anaona samaki changu.

#32 Jodari_Muscat
Kwa upande wangu, mimi nimeona changu.

#33 Kiboko_wa_Mbagala
Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tuko nje tangu #1.

#34 Mjukuu_wa_Kiponda
Wadau narudi na habari. Leo fundi ameutoa mwimo uliooza. Mambo mawili.

La kwanza, upande wa nyuma, ule uliokuwa umezikwa kwenye chokaa, una nakshi nyingine kabisa. Maduara, yamesagika, yanakaribia kufanana na aliyoyaeleza Amu_Kwetu #11. Na kuna tundu la komeo la zamani lililozibwa. Yaani ubao huu ulikuwa mlango wa mtu mwingine kabla ya kuwa wetu.

La pili, mnyororo haukuchongwa kwenye fremu. Ni ubao mwembamba wa pekee, umepigiliwa juu yake. Na si mti mmoja. Fundi ameunusa unga wa mwimo anasema mfenesi, ule wa mnyororo anasema msaji.

Mama mdogo kasema, "Basi kumbe hauhitaji randa, ubanduliwe uwekwe darini." Baba kasema utakaobanduliwa ni mguu wa atakayeushika. Kwa samaki wamekubaliana, anarudi, fundi anamnakili wa kulia.

#35 Amu_Kwetu
Allahu akbar. Mwango wa Amu umeolewa Unguja.

#36 Mjukuu_wa_Kutch
Si lazima Amu, maduara hata Gujarat yapo. Tupe picha yenye rula pembeni. Mbao za nyumba zilizobomoka zilikuwa zikiuzwa na kutumiwa tena, msaji ulikuwa ghali.

#37 Asha_wa_Ngambo
Sasa mnyororo ni wa nani? Wa nyumba ya kwanza, ya pili, au uliongezwa baadaye kabisa?

#38 Patasi_na_Nyundo
Mjukuu, kabla fundi hajarudisha kitu, tazama misumari iliyoshika ubao wa mnyororo. Ya kufua kwa mkono ina shina la mraba na kichwa kisicho sawa. Ya kiwandani ni ya duara. Hapo utajua kidogo.

#39 Mjukuu_wa_Kiponda
Nimeshuka na tochi. Upande wa kulia yote ni ya mraba. Kushoto, ya juu mitatu ni ya mraba, ya chini yote ya duara.

#40 Patasi_na_Nyundo
Basi uliwahi kubanduliwa upande mmoja, ukarudishwa. Muulize Baba nani aliutoa.

#41 Mjukuu_wa_Kiponda
Nimemuuliza. Amenyamaza, kisha kasema nimuulize shangazi yake, yuko Chake Chake, ana miaka tisini na moja. Nachukua boti Jumamosi.